Mteja Akirudi, Amerudi au Amerudishwa?

Saa sita kasoro dakika nane usiku nimo kitandani, taa nimeshazima, ndipo nakumbuka kuwa sijafanya somo la leo kwenye programu yangu ya kujifunza lugha. Nawasha simu, nachagua somo jepesi kuliko yote, la maneno niliyoyajua tangu wiki ya kwanza, nalimaliza kwa dakika moja na nusu huku jicho moja limefumba. Hesabu ya siku mfululizo inapanda kutoka 213 hadi 214. Nalala nimeridhika. Sikujifunza hata neno moja usiku ule, ila kwenye takwimu za kampuni nimehesabiwa miongoni mwa wateja waaminifu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa muda mrefu wafanyabiashara hawakuhitaji nadharia nyingine. Mteja akirudi, kaipenda bidhaa. Asiporudi, kaitazame upya bidhaa yako. Siku hizi methali imevurugika. Vipo vibaya vinavyojiuza vizuri sana, na hata vyema havitulii, vinajitembeza kwa arifa tatu kwa siku. Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayotosha kuubeba mjadala huu: kurudi na kurudishwa. La kwanza hulitenda mteja, la pili hutendewa. Taabu ni kwamba ukitazama kwa nje, hayatofautiani.

Mbinu ya kumrudisha mteja ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio yao mengi juu ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa akizawadiwa kila baada ya idadi maalumu ya madono, akishapata punje yake hupumzika kidogo. Idadi ikibadilikabadilika, asijue ni dono la ngapi litakalomlipa, hudonoa mfululizo, na hata punje zikikatwa huchukua muda mrefu kukata tamaa. Mashine za kamari huenda kwa mwendo huohuo. Na ukivuta skrini kwa kidole gumba kuona kama kuna jipya, mara lipo, mara halipo, wewe nawe unadonoa.

Hapa watu hupenda kuitaja dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari, kana kwamba ni sukari ya ubongo. Majaribio ya Wolfram Schultz kwa nyani katika miaka ya 1990 yalionyesha jambo tofauti kidogo. Seli za dopamini ziliitikia zaidi zawadi isiyotarajiwa, na mnyama aliposhazoea kuwa ishara fulani hutangulia zawadi, ziliitikia ishara, zawadi yenyewe ikapita kimya. Ndiyo maana mlio wa arifa una nguvu kuliko ujumbe ulioletwa nao. Ujumbe wenyewe mara nyingi ni upuuzi, na tunajua, na bado tunafungua.

Wabunifu wa bidhaa wana utetezi wao, na si dhaifu. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walieleza jaribio la kadi 300 za kuoshea magari. Nusu ya wateja walipewa kadi ya mihuri 8 ili wapate kuoshewa gari bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ni ileile, mihuri 8. Lakini waliokamilisha kadi tupu walikuwa asilimia 19, na wale walioonyeshwa kuwa wameshaanza safari walifika asilimia 34. Je, walidanganywa? Gari lilikuwa chafu kwelikweli, likaoshwa, na la bure wakalipata. Walichopewa ni msukumo tu, na ningeona tabu kumwita mwenye kadi hizo tapeli. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "umeshavuka sehemu ngumu" hufanya jambo lilelile.

Mwandishi Nir Eyal, ambaye mwaka 2014 aliieleza katika kitabu ndoano ya hatua nne ya kumnasa mteja (kichocheo, tendo, zawadi isiyotabirika, na uwekezaji wa mteja mwenyewe), alimpa mbunifu maswali mawili ya kujipima: je, wewe mwenyewe ungekitumia unachokibuni, na je, kinaboresha maisha ya mtumiaji? Ni maswali mazuri. Kasoro yake ni kwamba anayeulizwa ndiye anayelipwa jibu likiwa ndiyo. Na ina uchekeshaji wake kwamba miaka mitano baadaye Eyal alitoa kitabu kingine, safari hii cha kuwasaidia watu wasivurugwe umakini.

Upande wa pili wamo waliotoka jikoni. Mbunifu Aza Raskin, ambaye mwaka 2006 alibuni ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kadiri unavyoushusha, baadaye alisema anajuta. Naielewa hofu yake. Ukurasa ulipokuwa na mwisho, hata kama ni kitufe cha "endelea" tu, ulimwachia mtu nafasi ya kujiuliza kama bado anataka. Alichoondoa ni ile nukta. Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba walijua wanatumia udhaifu wa saikolojia ya binadamu. Hoja nzito ya wakosoaji naiona hapo: muuzaji na mnunuzi hawako sawa. Upande mmoja kuna timu inayopima rangi ya kitufe kwa mamilioni ya watu. Upande mwingine kuna mtu mmoja aliyechoka.

Lakini neno "uraibu" linamwagwa ovyo. Hunt Allcott, Matthew Gentzkow na Lena Song, katika utafiti uliochapishwa 2022, waliwapa watu nyenzo ya kujiwekea ukomo wa kutumia simu, kisha wakakadiria kuwa asilimia 31 ya matumizi ya mitandao ya kijamii hutokana na mtu kushindwa kujizuia. Kila upande unaweza kuishika namba hiyo na kushangilia. Mimi naisoma hivi: katika karibu theluthi mbili ya matumizi hayo watu wamerudi kwa hiari yao, na kuwaita wagonjwa ni kuwadharau. Katika theluthi moja wamerudishwa. Hakuna biashara ya heshima ambayo ingeona fahari kwamba theluthi ya mauzo yake ni mambo ambayo mteja alitamani asiyafanye.

Basi kwa vitendo, nikitaka kujua bidhaa ni ya aina gani, huacha kutazama mlango wa kuingilia, nikatazama wa kutokea. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kuhusu Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia. Kwa maelezo ya tume, kujiunga kulikuwa kazi ya kubofya mara moja au mbili, kujitoa kulipita kurasa nne na mibofyo sita, na ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa vita wa Kigiriki. Mtu haipi kazi yake jina hilo kwa bahati mbaya. Mwaka 2025 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, kampuni bila kukiri kosa. Ujerumani ilichukua njia fupi zaidi: tangu Julai 2022 sheria inataka mkataba unaofungwa mtandaoni uwe na kitufe cha kuuvunja hukohuko mtandaoni.

Ipo mifano ya kinyume. Mwaka 2020 Netflix, huduma ya kulipia ya kutazama filamu, ilitangaza kuwauliza waliokaa mwaka mzima tangu wajiunge bila kutazama chochote, na walioacha kutazama kwa zaidi ya miaka miwili, kama bado wanaitaka huduma. Wasipojibu, malipo yanasitishwa. Napongeza, ila nakumbuka pia kuwa kampuni ilisema watu hao hawakufika hata nusu ya asilimia moja ya wanachama wake. Uungwana usiogharimu sana ni rahisi kuufanya.

Na kipimo changu cha mlango kina tundu, nakiri. Programu yangu ya lugha mlango wake uko wazi kabisa. Kuifuta ni kazi ya sekunde tatu. Kinachonishika ni ile 214. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kuwa hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha, na namba ile imejengwa juu ya maumivu hayo: kila siku inanipa kitu kikubwa zaidi cha kupoteza. Sheria ya vitufe haigusi hapo.

Hesabu ilikatika siku ya 231, nilipokuwa na homa. Programu ikajitolea kuirudisha kwa malipo kidogo. Sikulipa, nikakaa wiki tatu bila kuigusa, kisha asubuhi moja nikaifungua na kufanya somo zima, gumu, la nusu saa, kwa raha niliyoisahau. Arifa yake ilikuwa imeingia dakika chache kabla.