Ranchera na wanaume waliotendwa: tiba au ubabe tu?

Kuna wanaosema ranchera za Mexico ni nyimbo za walevi wanaojilizaliza, na kuna wanaosema ukitendwa hakuna muziki utakaokushika kama ule. Mi naona wote wana pointi. Chukua El Rey ya José Alfredo Jiménez: jamaa kashatolewa nje, hana kiti cha enzi, hana malkia, hana hata wa kumwelewa, halafu anasema bado yeye ni mfalme na siku akifa huyo mwanamke atalia tu. Sasa hayo ni maumivu au vitisho?

Wanaozitetea wanasema mwanaume wa kule kalelewa asilie, ila mariachi (bendi ya tarumbeta, fidla na gitaa) wakianza, tequila ipo mezani, anaruhusiwa kupiga ule ukelele wa katikati ya wimbo na kutoa machozi mbele za watu na hamna anayemcheka. Hilo si dogo. Na José Alfredo hakuwa msomi wa muziki, alikuwa mhudumu wa mgahawa, chombo hata kimoja hajui kupiga, ndo maana maneno yake yako wazi vile, kama mtu anaongea na rafiki yake baa.

Ila baa yenyewe ndo tatizo lingine. Yeye alikufa 1973 kwa ugonjwa wa ini, ana miaka 47 tu. Halafu kwenye nyimbo nyingi msaliti ni mwanamke, na kwenye cantina, yaani baa, za Mexico City wanawake walikuwa wanazuiwa kuingia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80, yaani anasemwa mahali ambapo hawezi hata kuja kujibu, si uonevu huo?

Majibu yalikuja lakini. Chavela Vargas, mzaliwa wa Costa Rica, aliziimba hizohizo nyimbo za wanaume, kavaa poncho, gitaa tu bila tarumbeta, taratibu, anamwimbia mwanamke mwenzie bila kubadilisha neno, na ubabe wote unayeyuka linabaki donda. Paquita la del Barrio yeye hakutaka kulia kabisa, kwenye Rata de dos patas mwanaume anaitwa panya wa miguu miwili, mipasho mwanzo mwisho, na wanaume walikuwa wanalipa kiingilio kwenda kutukanwa wakicheka (hapo sijui nani alimshinda nani).

Mi nikipima, tiba ipo, ila ni ya usiku mmoja, maana ni nadra mwimbaji kujiuliza yeye alifanya nini hadi akaachwa. Volver Volver aliyoimba Vicente Fernández inajitahidi: jamaa anakiri mwanamke alikuwa na haki, anasema kushindwa anakujua. Rafiki yangu akiachwa leo nitampigia hiyo, El Rey asubiri kwanza.