Difenda ya Mwaka 1974

Nyumbani kwangu, pembeni ya televisheni, kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Ndani yake mna shilingi 11,500, na karibu zote zimetoka mfukoni mwangu. Msidhani ni kibubu. Ni faini.

Sheria kaitunga Mama Zuhura: kila nikifungua mdomo kusema neno juu ya gari wakati tamthilia inaendelea, mia tano. Rufaa hakuna. Mhazini ni mjukuu wangu Abuu, yuko darasa la sita, na uhasibu wake siuamini hata chembe. Juzi nilikohoa tu, kikohozi changu cha kawaida cha vumbi la breki, nikaona kopo liko chini ya kidevu.

"Babu, umekohoa kwa ajili ya gari."

Hebu niambieni ninyi kama nina kosa.

Kuna hii tamthilia ya saa tatu usiku. Jina silitaji, sitaki kesi. Inahusu Dar es Salaam ya zamani, imeanzia mwaka 1974, na mwaka huo mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini, kibarua wa gereji moja pale Gerezani, kazi yangu kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutumwa chai. Kwa hiyo mtu akiniandikia "1974" kwenye kioo, ajue anaongea na shahidi. Siku ya kwanza nilikaa mbele kabisa. Na kusema kweli walinipata. Vijana wamevaa bugaluu zinazofagia barabara, miguuni raizoni, nywele zimechanwa afro zikasimama kama kichaka cha mpakani. Nikaanza kulengwalengwa na machozi. Nikasema, hawa watoto wamefanya kazi.

Ndipo polisi wakaja. Na difenda.

Difenda, jamani! Na kile kioo chake cha mbele kimoja kizima, hakina hata mwimo katikati. Hilo jina la Defender, Land Rover wamelianza mwaka 1990. Hata umbo lenyewe, lile la One Ten, limetoka 1983. Mwaka 1974 askari walipanda Land Rover 109, kioo cha mbele vipande viwili, na springi zake zilikufanya ukiri kosa kabla hujafika kituoni. Sasa hawa wametoka kumkamata mtu na gari ambalo jina lake litapatikana baada ya miaka 16! Mwizi mwenye akili hapo hakimbii. Anavuta kigoda, anaagiza kahawa na kashata, anawasubiri.

"Gari la polisi ni gari la polisi," akasema Mama Zuhura. "Si wamemkamata?"

"Hawajafika! Kwa hesabu za kiwanda, hawajafika!"

Mia tano ya kwanza ilizaliwa hapo.

Kesho yake akatokea mkurugenzi wa shirika la umma, tumbo mbele, kashuka kwenye Mercedes. Sawa, wabenzi walikuwepo, neno lenyewe tulilitunga wenyewe. Lakini Benzi gani? Ile ya taa za mbele zilizolala, W123, ambayo Wajerumani wameianza kuiuza 1976. Ya wakati ule taa zake zilisimama, moja juu ya mwenzake, kama watu wawili wamebebana dirishani wanachungulia harusi. Huyu mkurugenzi kaipata miaka miwili kabla ya wenye kiwanda. Halafu watu wanashangaa mashirika ya umma yalifilisika vipi.

Mia tano.

Corolla ya daktari ikawa na taa ya tatu ya breki, ile ya juu kwenye kioo cha nyuma. Hiyo Wamarekani wameilazimisha kwenye magari yao kuanzia ya mwaka 1986, ndipo ikasambaa. Daktari akikanyaga breki, mimi navunjika moyo. Mia tano. Namba za magari zote ni hizi za sasa, T, tarakimu tatu, herufi tatu, mambo ya miaka ya 2000. Hapo nilizungumza mfululizo, Abuu akatoza mara nne kwa sentensi moja, eti nilivuta pumzi katikati.

Lakini yote hayo ningesamehe kama si Volkswagen.

Volkswagen yenyewe ilikuwa halali kabisa, ile ya mgongo kama kobe, hilo nawapa. Kijana wetu, mhusika mkuu, anampeleka mchumba wake Morogoro kuona wazazi. Wanafika mahali penye mikorosho, gari linaanza kusuasua. Kijana anashuka. Anazunguka mbele. Anafungua kifuniko. Moshi mweupe unafuka kama chungu cha pilau. Anasema, tena kwa sauti ya huzuni, "Limechemsha. Tafuta maji."

Mimi nilisimama. Sikukusudia, magoti yalisimama yenyewe.

Volkswagen ile haina rejeta! Haijawahi kuwa nayo tangu iumbwe! Injini yake inapozwa kwa upepo, na iko nyuma, nyuma! Huko mbele ulikofungua, mwanangu, kuna tairi la akiba na tangi la petroli. Na katika magari ya toleo lile, mdomo wa tangi uko humohumo chini ya kifuniko. Kwa hiyo binti wa watu kavua viatu, kaenda mtoni na ndoo, karudi anatabasamu, mpenzi wake akapokea ndoo akamimina. Alimimina wapi? Kama si kwenye mizigo yao basi ni kwenye petroli. Wangekuwa pale pale mpaka leo, wana wajukuu, wameshafungua na genge. Lakini wapi! Akafunga kifuniko, akapiga stati, likawaka. Na mlio? Mlio wa Toyota. Volkswagen ina mlio wake, kama cherehani linalogombana na kinu; hata kipofu hawezi kukosea. Hawa wameibandikia sauti ya gari la jirani.

Usiku ule nililala na njaa, maana Mama Zuhura alisema aliyepigia kelele chakula chetu cha macho hana haki na cha tumbo.

Yakafuata mengine. Mwaka 1976 Hiace imejaa abiria, konda kaning'inia mlangoni anaita "Posta, Posta!" Enyi watu! Daladala zimeruhusiwa 1983, na jina lenyewe limetokana na dala, ile nauli ya shilingi tano. Mwaka 1976 ulikuwa unasubiri basi la UDA. Unasubiri, unasubiri, likija unapitia dirishani, kikapu kinafuata baadaye, shati linafuata likipenda. Wangeonyesha hilo! Hapo pana mapenzi, pana vita, pana machozi, huhitaji hata mwandishi wa hadithi.

Kisha familia ya Kariakoo imekaa sebuleni, mwaka 1975, inatazama televisheni. Sisi bara televisheni tumeipata 1994! Wenye televisheni walikuwa wenzetu wa Zanzibar, tena ya rangi, na walitutambia nayo miaka ishirini. Nikapiga kelele. Abuu akafikiri, akarudisha kopo mezani.

"Hiyo si gari, Babu. Hiyo bure."

Naona mtoto ana chembe ya haki.

Ni yeye pia aliyenionyesha kwenye simu kwamba siko peke yangu. Kuna tovuti inaitwa IMCDB, na humo watu wa dunia nzima wanaorodhesha magari yaliyopita kwenye filamu na tamthilia, aina gani, la mwaka gani, hata lile lililoegeshwa nyuma ya mtu anayekata roho. Anakufa mtu pale mbele, wao wanatazama bampa. Nilisoma kwa saa mbili. Nilijisikia kama mtu aliyekulia ugenini akasikia lugha ya kwao.

"Na wake zao wako wapi?" akauliza Mama Zuhura.

Tovuti haisemi.

Lakini na mimi nina haki, msije mkasema mzee kazi yake kulaumu. Najua kwa nini hawayapati magari yenyewe. Yako majikoni kwenu. Sisi pale Gerezani tulikuwa tunatoa injini, gia boksi na difu, bodi wanachukua wenzetu wa upande wa pili wenye nyundo, kuanzia asubuhi mpaka magharibi ko-ko-ko-ko, gari linatoka pale limekuwa majiko ya mkaa, makarai, vikopo vya kuchotea sukari. Nimeona kwa macho yangu mlango wa Austin ukigeuka majiko. Kwa hiyo mwongoza tamthilia akitaka gari halisi la mwaka 1974, asihangaike na matajiri. Apite Tandika jioni, aombe kugeuza majiko ya wauza chapati. Huenda akaona rangi.

Na hao matajiri wenye machache yaliyobaki ndio balaa jingine. Magari yao yanang'aa! Kila gari kwenye tamthilia limetoka kupigwa polishi. Dar es Salaam ipi hiyo? Gari letu mlango wa kushoto ulikuwa wa bluu, wa kulia wa kijivu, buti limefungwa kwa mpira wa tyubu, rangi imepakwa kwa brashi na mpaka-rangi wa nyumba, unyoya wa brashi umegandia humo. Tairi likiisha kabisa halitupwi, linakuwa katambuga, unatembea nalo hadi kazini. Lile lilikuwa gari. Haya ni maharusi.

Tukaingia miaka ya themanini. Kijana wetu anamchukua mchumba Jumapili saa kumi jioni, wanakwenda Kunduchi kupunga upepo, mkono nje ya dirisha. Nikasema, hapana, hapana, hapana! Petroli ilikuwa haba nchi nzima, Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi marufuku barabarani! Saa kumi jioni anaendesha kwa kibali cha nani? Angekuwa kituo cha polisi muda ule, na gari lake nje, na huyo binti anarudi kwao kwa miguu analia.

Nikatazama kopo. Halikuja. Mama Zuhura hakudai. Aliniangalia tu, jicho moja, akatabasamu, akaendelea kukuna nazi. Nikadhani ameanza kuelewa mambo ya magari.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho. Harusi. Wameandika chini, "1981", mwaka wetu uleule mimi na Mama Zuhura. Nyumba imejaa, wote Zuhura na mumewe na watoto, na naapa kwamba hawakuja kutazama harusi. Wamekuja kunitazama mimi. Kopo liko tayari.

Gari la bibi harusi likakata kona.

Peugeot 404. Nyeupe. Vile vipembe vidogo vya nyuma, kama mbawa za kifaranga. Gia kwenye usukani, na dereva aliiingiza kwa mkono wa mtu anayeijua. Namba ya zamani. Vumbi kwenye marigadi! Na mlio, Mola wangu, mlio wake wenyewe. Hili ndilo gari lililochukua East African Safari 1966 na 1967, usukani kaushika Bert Shankland, dereva wa kutoka hapa hapa Tanzania, na mimi mtoto wa miaka kumi na miwili nikikimbiza tairi la baiskeli kwa kijiti nikijiita Shankland. Na ndilo nililolichukulia mke wangu, nimelisimulia mara elfu: 404 nyeupe ya tajiri wangu wa gereji, nikaendesha mwenyewe, kutoka kwao Keko hadi kwetu Temeke.

Nilitafuta kosa. Nikatafuta taa, vioo, vitasa, wepa. Hakuna. Sebule imetulia, watu wananisubiri. Gari likateleza taratibu, watu wanapiga vigelegele, likafika kwa bwana harusi, likasimama, bibi harusi akashuka mkavu kama kitenge kilichotoka kupigwa pasi.

"Sina neno," nikasema. "Wamepatia."

"Hawakupatia," akasema Mama Zuhura.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na ile albamu ambayo mimi huwa naiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku, kwa sababu zangu. Akawapa wajukuu picha moja. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kaipiga mjomba wake pale Chang'ombe. Imemwonyesha bibi harusi kakaa kwenye kigoda cha kuazima kando ya barabara, hina mpaka viwikoni. Nyuma yake 404, boneti wazi. Kando yake askari wa usalama barabarani anatazama saa ya mkononi. Na chini ya gari, jozi ya miguu.

"Babu yuko wapi?" akauliza Abuu.

"Hiyo miguu."

Nikajaribu kueleza. Platini, kile kidude cha kuipa injini cheche, ilikuwa imekwisha, wakati ule kipuri hukipati hata kwa dawa, nikaisugua kwa ubavu wa kiberiti kama tulivyofundishwa, na ingewaka, ingewaka kabisa, kama si yule askari kunihesabia dakika juu ya kichwa. Ilikuwa Jumapili. Saa nane ilipofika akasema hakuna kuendesha.

"Sasa mlifikaje?" akauliza mkwe.

Mama Zuhura akafungua kifundo cha kanga, akatoa mia tano yake, akaitumbukiza koponi mwenyewe.

"Yule askari alikuwa mtu wa haki," akasema. "Alisema kusukuma si kuendesha. Mimi nilikaa ndani nimeshika usukani. Babu yenu ndiye aliyesukuma mpaka Temeke."