Agoni nayo iliwahi kushikwa

Shuleni tulikariri kwamba gesi za heli, neoni na agoni haziungani na kitu. Jina lenyewe la agoni limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni mvivu. Fundi anayechomelea aluminiamu anaipendea uvivu huohuo: inafunika metali iliyoyeyuka, hewa inakaa mbali, na yenyewe haigusi chochote.

Mwaka 2000 kundi la Markku Räsänen, Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, liliiunganisha. Kampaundi yao ni HArF: atomi moja ya haidrojeni, moja ya agoni, moja ya florini. Rafiki yangu mwalimu wa kemia anasema kitu kisichowekeka kwenye chupa si kampaundi, ni kiinimacho cha maabara. Nakataa.

Tazama inavyotengenezwa. Floridi ya haidrojeni kidogo sana huchanganywa na agoni nyingi, kisha gesi hizo hupulizwa juu ya kipande cha iodidi ya siziamu kilichopozwa hadi nyuzi 265 hivi chini ya sifuri. Zinaganda papo hapo, na kila molekuli ya floridi inajikuta imefungiwa ndani ya barafu ya agoni. Ikipigwa miale ya urujuanimno inakatika: haidrojeni huku, florini kule, na kwa baridi ile hazina njia ya kurudiana. Halafu (hapa ndipo ninapopapenda) barafu inapashwa kidogo tu, nyuzi kumi hivi. Atomi zinaanza kujongea. Haidrojeni ikiifuata florini inakuta agoni katikati, na zote tatu zinashikana. Yaani mshenga kaingia kwenye ndoa.

Walijuaje? Kwa miale ya infraredi. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake na kumeza miale yake, na kila mmezo huonekana kama mstari kwenye kipimo. Wakaweka deuteri, yaani haidrojeni nzito, mahali pa haidrojeni ya kawaida, mistari ikahama. Wakaweka agoni-36, iliyo nyepesi zaidi, badala ya agoni-40 ya kawaida, ikahama tena. Agoni ingekuwa mtazamaji tu, uzito wake usingeisogeza mistari hivyo. Kwangu kesi iliishia hapo.

Ni kweli haidumu. Kabla ya kufika nyuzi 230 chini ya sifuri imeshavunjika, imerudi kuwa floridi ya haidrojeni na agoni, hali yenye nishati ndogo zaidi. Ni embe lililokwama kwenye panda ya tawi: litaanguka, lakini mpaka litikiswe. Sasa nenda duka la dawa, uliza peroksaidi ya kusafishia vidonda. Ile chupa ya rangi nzito imewekwa kwa sababu hiyohiyo: kilichomo kiko njiani kuwa maji na oksijeni, polepole tu. Mbona hiyo hatuinyimi jina la kampaundi? Tofauti yake na HArF ni kimo cha kizingiti cha nishati kinachozuia isivunjike, na baridi inayohitajika.

Nilipomwambia hayo mwalimu, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba peroksaidi angalau inauzwa.