Michirizi ya Damu Haimtishi Mtu

Tazama mabango ya filamu za kutisha yanayosambaa kwenye WhatsApp. Jina limeandikwa kwa fonti ya michirizi, nyekundu ya kung'aa, kivuli nyuma, basi. Inaniudhi kweli, maana hadithi nzuri inauawa na herufi kabla mtu hajaitazama.

Kwa Kiswahili ubovu huo unajianika zaidi, kwa sababu maneno yetu yamejaa irabu. Andika KABURI LA BABA: A inatokea mara nne, na zote nne zina mchirizi uleule, urefu uleule. Jicho linang'amua papo hapo kwamba hiyo si damu, ni muhuri uliogongwa mara nne. Hofu inaishia hapo.

Kinachotisha ni herufi iliyoliwa, kana kwamba imekaa ardhini miaka. Chukua fonti nene isiyo na mapambo, Impact kwa mfano, rangi ya mfupa #CFC8B8 juu ya weusi wa #0E0E0E. Kwenye Photoshop igeuze leya ya maandishi kuwa Smart Object, yaani leya inayotunza maandishi asili ndani yake, ili ukikosea tahajia usianze upya. Kisha piga picha ukuta uliobambuka chokaa, au bati lenye kutu, simu inatosha. Iondoe rangi, ipake Gaussian Blur (ukungu) ya pikseli 2, ihifadhi kama PSD, faili la Photoshop. Hiyo ndiyo ramani ya Displace, kichujio cha Photoshop kinachosogeza pikseli za herufi kwa kufuata picha nyingine. Herufi zikiwa na kimo cha pikseli 600, kwenye Displace weka 6 kwa mlalo na 9 kwa wima. Ukizidisha mno, neno halisomeki tena.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Displace inasoma mwangaza: kijivu cha 128 hakisogezi kitu, cheusi kinasukuma upande mmoja, cheupe upande wa pili. Picha ikiwa nyeupe mno, neno zima linahama badala ya kupinda, na mtu anadhani programu imeharibika. Irekebishe kwa Levels, kifaa cha kupanga mwangaza, mpaka wastani kwenye histogramu ukaribie 128. Na ukiruka ile Blur, kingo zinatawanyika kama mchanga, hazionekani zimeliwa.

Sasa ipitishe picha ileile kwenye Threshold, inayoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, karibu 110, uibandike ndani ya maski ya leya ya maandishi (nyeusi ya maski huficha, nyeupe huonyesha): bofya maski huku umeshika Alt, ndipo ubandike. Halafu, kwa brashi nyeupe, rudisha nusu ya juu ya kila herufi. Tafadhali usiiruke hatua hii. Msomaji huitambua herufi kwa kichwa chake. Miguu inaweza kuoza itakavyo na neno likabaki zima.

Damu? Haya, mchirizi mmoja, kama hadithi inaudai. Uanzie kwenye ncha ya chini, pale ambapo kimiminika kingekusanyika, uwe mwembamba katikati na mzito mwishoni, rangi #5C0B0B. Usiuwekee Multiply, namna ya kuchanganya leya inayotia giza: ukishatoka kwenye herufi unamezwa na weusi. Mng'ao wa nje uzime kabisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba fonti ya michirizi inafaa sherehe ya watoto, au bango linalotakiwa ndani ya dakika kumi.

Kwa kazi ya kuchapwa, hamia CMYK, mfumo wa rangi za wino, mapema, kwani nyekundu kali ya #FF0000 hufifia kwenye wino. Kwa kazi ya simu, punguza bango hadi upana wa pikseli 150 ulitazame. Jina likipotea, rudi kwenye maski. Displace iache ilivyo.