Kuhesabu vidole pekee hakutoshi

Mwandishi, katika makala yako unatuambia picha zilizotengenezwa na akili mnemba tuzitambue kwa kuhesabu vidole, kwa kuwa programu hukosea mikono. Sawa, ila umechelewa. Ushauri huo ulifaa sana 2022. Midjourney, programu ya kutengeneza picha kwa akili mnemba, ilipotoa toleo lake la 5, Machi 2023, mikono ikaanza kukaa sawa.

Hata hivyo huku Mtwara bado tunacheka. Jirani yangu wa Mikindani alitengenezewa kwa akili mnemba bango la kikundi chao cha kubangua korosho. Mama wa kwenye picha ana tabasamu zuri, meno yanang'aa (nadhani yamezidi 32, sikumaliza kuhesabu), lakini mkono ulioshika korosho una vidole sita na gumba limeota upande usio wake. Kuna mkono mwingine umeshika ungo. Wa nani, haijulikani.

Sababu ya mikono kukosewa umeiruka. Programu haijui kwamba ndani ya mkono kuna mifupa 27. Imepitishwa kwenye mamilioni ya picha, na humo sura huonekana vizuri ila mkono huwa mdogo, umekunjwa, au umejificha nyuma ya kikombe. Basi inabahatisha: pembeni ya kidole huwa kuna kidole, inaongeza kingine.

Wachongaji wetu wa Kimakonde nao hupindisha miili. Kinyago cha shetani kinaweza kuwa na jicho moja na mguu umeota pasipotarajiwa. Tofauti ni kwamba fundi anajua mguu ulipaswa kukaa wapi.

Bango bado lipo ukutani. Wateja wanahesabu vidole kwanza, bei wanauliza baadaye.