Waacheni watoto wasome habari za majitu

Kwenye grupu la wazazi wa darasa la mtoto wa dada yangu kuna mama kaandika kwamba shule itoe The BFG (yaani Big Friendly Giant, jitu kubwa rafiki), kitabu cha watoto cha mwandishi Mwingereza Roald Dahl, kwenye kabati la vitabu, kisa ina majitu yanayokula watoto na eti inawafungulia milango ya kishetani. Chini yake watu amina, amina. Nina hasira tangu jana.

Jamani, si sisi tumekuzwa na mazimwi? Nani hapa hakusimuliwa lile lililomtia msichana ndani ya ngoma likawa linazunguka naye vijijini akiimba? Tulijificha ndani ya kanga ya bibi, kesho yake tukadai tena.

Na hilo jitu lenyewe mnalolikataa halili mtu. Majitu mengine tisa ndo yanatoka kila usiku kwenda kutafuna binadamu, yeye kakataa, anakula lile tango baya linalonuka, halafu anazunguka na tarumbeta lake kuwapulizia watoto waliolala ndoto nzuri. Kitabu kilitoka 1982, na Dahl alikitoa kwa ajili ya binti yake Olivia aliyefariki 1962 kwa surua akiwa na miaka saba. Mtu aliyezika mtoto wake ndo kaandika hivyo, ushetani uko wapi hapo?

Ila mimi sababu yangu kubwa ya kukipendekeza ni nyingine kabisa. Lile jitu linaongea Kiingereza kibovu! Maneno linayageuza, mengine linajitungia, sarufi hakuna, na Sophie, yule msichana yatima ambaye jitu limemchukua, mwanzoni anamsahihisha kama wanavyofanya walimu wetu, mpaka jitu linanyong'onyea kabisa linamwambia halijapata nafasi ya kusoma shule. Halafu Sophie huyohuyo anamwambia anavyoongea ni vizuri sana, na jitu zima la futi 24 linafurahi utadhani limepewa zawadi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Nikifika hapo kila mara nasimama kidogo.

Maana sisi tuna watoto wanaovalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili uwanjani, na wakijaribu hicho Kiingereza wakakosea darasa zima linacheka, kwa hiyo wanaamua kunyamaza, mtoto ana akili zake nzuri ila mdomo kaufunga toka darasa la tatu. Huyo mtoto mpe hiki kitabu. Atakutana na jitu kubwa linalokosea kila sentensi na bado ndo mwema kuliko wote, ambaye kajifunza kusoma kwa kurudia rudia kitabu kimoja cha Charles Dickens alichokiazima, na mwisho Sophie anamfundisha vizuri mpaka anaandika kitabu chake mwenyewe. Mtoto wa dada yangu alikuwa hasomi kwa sauti mbele ya mtu, sasa hivi anamuigiza huyo jitu jikoni na makosa yake yote, mama yake anacheka naye.

Dahl mwenyewe alikaa Dar es Salaam, alikuja 1938 kufanya kazi Shell, akajifunza Kiswahili. Naamini na yeye alikosea sana akasamehewa.

Haya, nakubali, yale maneno ya kitabuni kuhusu majitu yakila watu wa nchi gani yanasikia ladha gani yamechakaa, mengine yanaudhi, hapo ongea na mtoto. Na Dahl alisema mambo mabaya kuhusu Wayahudi, familia yake ikaomba radhi 2020. Mtoto akikua mwambie na hilo.

Wa miaka sita au saba msomee wewe, zile kurasa za mwanzo Sophie anapochukuliwa dirishani usiku msome mchana, na pakiwa pagumu geuza tu Kiswahili palepale. Wa miaka tisa kwenda juu mwachie mwenyewe, na akikutamkia neno vibaya usimkatishe, mwache amalize ukurasa.