Mwembe Mmoja Uliohesabiwa Mara Tatu

Ploti za kupima misitu hazichaguliwi kwa macho. Hupangwa ofisini juu ya ramani, kwa gridi inayotandazwa nchi nzima, na nukta inapoangukia ndipo panapopimwa, iwe ni katikati ya miombo, kwenye shamba la ufuta au uani kwa mtu, kwani wapimaji wakishaanza kuhamisha ploti ili wakwepe miiba na mbwa, takwimu zote huharibika. Ni kwa utaratibu wa namna hiyo tathmini ya taifa iliyotolewa mwaka 2015, ambayo watu wa misitu huiita NAFORMA, ilikadiria kuwa Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48.1 za misitu. Tatizo la gridi ni moja tu: haipigi hodi. Sisi ilitupeleka wilayani Kilwa, na kitovu cha ploti kikaangukia kati ya jiko na choo cha mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akichambua korosho zake kwa amani.

Tulimwamkia, tukamweleza, naye akaturuhusu. Ploti yetu ilikuwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, na ndani yake kila mti wenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi ulipaswa kupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ambao kwa mtu wa kawaida ni usawa wa kifua. Mahali palipopimwa hupakwa rangi ili watakaokuja baada ya miaka kadhaa warudie palepale. Siku zote tulikuwa tukitumia rangi ya njano. Safari hii mtunza stoo alitufungia kopo la nyekundu, na alipoulizwa akajibu kuwa rangi ni rangi.

Mwenzetu alipopiga mstari wa kwanza kwenye mwembe uliokuwa hatua chache kutoka dirishani, mzee aliinuka, korosho zikamwagika. Mwanawe alikuwa na nyumba Kimara, mojawapo ya zile zilizowekwa alama ya X nyekundu na kubomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kiongozi wetu alimhakikishia kwa upole kwamba ule ni mstari tu, wala si X.

"Mwanangu," mzee akamjibu, "hata ile ya Kimara ilianza na mstari mmoja."

Kilichomtuliza hakikuwa maelezo yetu, bali karani wetu na sauti yake. Mwembe ule ulikuwa umegawanyika mashina matatu chini kidogo ya mita 1.3, na kanuni inasema kwamba mti uliogawanyika chini ya kimo hicho huandikwa shina kwa shina, kila moja kama mti unaojitegemea. Karani, ambaye ana desturi ya kutamka kila anachoandika, akatangaza: "Mwembe, namba moja. Mwembe, namba mbili. Mwembe, namba tatu." Mzee akautazama mwembe wake, kisha akamtazama karani.

"Mitatu?"

"Kwenye fomu ni mitatu, mzee."

Akaagiza tutandikiwe mkeka na tuletewe madafu. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba serikali inahesabu miti kwa ajili ya fidia, tena inahesabu kwa ukarimu ambao haujapata kuonekana. Mkorosho, kama ijulikanavyo, hupenda kutoa matawi makubwa karibu na ardhi, kwa hiyo kila aliyekuja alikuwa na wake wa mashina manne au matano, na kila mmoja aliomba duara lipitie kwake.

Akaja pia fundi cherehani, futi yake ikiwa shingoni. Alilizungushia futi hiyo shina namba moja, akasoma sentimita 188, kisha akachungulia fomu na kukuta tumeandika 60. Utepe wetu hauna siri: kila alama ya sentimita moja imechapwa kwa urefu wa sentimita 3.14, ili ukiuzungusha kwenye gogo usome kipenyo moja kwa moja badala ya mzingo. Nilichora duara mchangani nikamfafanulia hatua kwa hatua, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mimi napima viuno vya watu tangu ujana wangu," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniambia nigawanye kwa tatu na ushee."

Umati ukampigia makofi. Ikabidi aitwe mtendaji wa kijiji, ambaye alisoma barua yetu ya utambulisho mara mbili kwa sauti na kutamka bayana kwamba fidia haipo. Nyuma ya umati mtu mmoja akanong'ona kuwa serikali ikikana kitu, basi bajeti yake imeshapita.

Giza likatukuta hatujapima urefu wa miti, hivyo tukarudi asubuhi. Ule uwanja uliokuwa umefagiliwa vizuri ulikuwa umejaa miche ya mikorosho iliyonyooka kwa mistari hadi mlangoni mwa choo. Mtambuzi wetu wa miti, mtu asiyecheka ovyo, alipiga magoti kwenye sehemu ya kuhesabia maoteo ya asili, akafukua kidogo kwa kidole na kukutana na plastiki nyeusi.

"Andika," alimwambia karani, "yameota pamoja na viriba vyake."

Karani akaandika, kwa sauti kama kawaida yake, na mzee akaitikia kila jina kwa kichwa. Tulipokuwa tukifunga vifaa, jirani wa upande wa mashariki, ambaye mkorosho wake ulikuwa mita 15.3 kutoka kwenye kitovu na hivyo ukabaki nje ya ploti, alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini iwapo kamba yetu ikiloweshwa usiku kucha haiwezi kuvutika kidogo.